Jina la Pili Kwenye Hati

Hati ya nyumba ya Makambako ilikuwa na jina moja, la Elieza, na Elieza alikuwa anakufa. Kifua alichorudi nacho kutoka machimbo ya Chunya kilimla hadi mkanda ukamzunguka mara mbili. Akifa, nyumba ingekwenda kwa ukoo wake, na mkewe Dorika, aliyekanyaga udongo wa kila tofali, angeambiwa ahame.

Ndiyo maana Dorika alimpandisha mumewe lori juu ya magunia ya mahindi mpaka Njombe. Kefa, kaka yake Elieza, alikuja nao kumshika mgonjwa. Alikuwa mzee wa kanisa kule Kifanya, wa koti jeusi hata jua likiwaka.

Bomani, karani wa viwanja aliitwa Yonathani. Aliwaacha wasimame mpaka amalize kuchonga penseli.

"Kamwene, bwana karani," Elieza alisema. "Naomba mke wangu aandikwe hapa, chini ya jina langu."

"Stakabadhi yake ya kodi iko wapi?"

"Mwanamke halipi kodi, bwana."

"Basi hayumo. Serikali inamjua mtu kwa kodi. Nimwandike nani hapa, kivuli?"

Dorika akafungua pindo la kanga. "Nitalipa. Ya mwaka huu na ya mwaka jana."

Makarani wakacheka mpaka wakashika meza. Wanaume nchi nzima walikuwa wakilala maporini kuwakwepa matarishi wa kodi, na huyu anaomba atozwe! Mmoja alikwenda kuwaita wenzake wa chumba cha pili waje wamwone.

"Mama, kodi ya mwanamke haina kitabu," Yonathani alisema akijifuta macho. "Lakini nawahurumia. Si kuna kaka hapa? Mwandikeni yeye, akushikie. Mila yenu si ndiyo hiyo? Ndugu akifa, ndugu humtunza mjane."

"Kwa ajili ya shemeji? Niandikeni," Kefa alisema. Stakabadhi zake tatu zilikuwa mezani kabla hajaombwa.

Dorika aliziona. "Baba Ema, twende nyumbani," alinong'ona.

"Unataka nimkatae kaka yangu mbele za watu?"

Kwao mtu hafanyi hivyo, afadhali afe. Elieza akaweka dole gumba. Wiki ya tatu akafa.

Siku ya kumaliza msiba, wazee walikaa uani na mchungaji. Dorika alikaa chini, kichwa kimenyolewa. Kefa akaikunjua hati.

"Shemeji, nyumba hii ni yangu kwa hati na kwa mila."

"Basi na mimi ni wako kwa mila. Nitunze. Uliitikia bomani."

Kefa aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Mimi Mkristo! Wake wawili? Unataka nitengwe na meza ya Bwana?"

"Na nyumba mbili, shemeji, kanisa halikatazi?"

Mchungaji alikohoa, akaomba aongezewe chai.

"Mwanamke huyu ana mdomo," mzee mmoja alisema, na wote wakainuka kufunga kwa sala.

Dorika alirudi bomani kwa miguu. Yonathani hakuinua kichwa. "Mtu yuleyule uliyekuja naye mwenyewe? Hati ni hati, mama. Pisha wengine."

Jumatatu Dorika alihama nyumba ile, na alivyopoteza ni hivi. Matofali elfu nne na mia mbili. Vyumba vitatu na jiko. Miaka sita ya mume chini ya ardhi ya watu. Ng'ombe mmoja, aliyechinjwa kuwalisha wazee waliomwamulia. Watoto watatu: Ema, Lameki na Ida, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Ida alikuwa bado ananyonya. Huyo walimruhusu kwenda naye, mpaka atakapoacha ziwa.