Nyoka Mdogo wa Uwandani

Siku mume wangu Hilario alipotutoka, wanaume walikuwa wakimpongeza.

Aliumwa na nyoka asubuhi, akiinua marobota ya majani ya ng'ombe kwenye shamba letu la uwandani. Nyoka mwenyewe alimwona vizuri: mdogo, kijani kilichofifia, mkia wenye njuga umezungushiwa pete nyeupe na nyeusi. Alimponda kwa sepetu, akaendesha gari mpaka nyumbani, akanionyesha mguu. Matundu mawili juu ya kifundo, damu kidogo, basi. Nikamwambia twende zahanati. Kabla hajajibu, kaka yake mkubwa, Nabor, alikwisha kuingia uani na wenzake wawili nyuma yake. Kijijini kwetu habari ya mtu kuumwa na nyoka humfikia Nabor kabla ya kumfikia muuguzi.

Nabor aliinama akaubonyeza ule mguu kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Haujavimba," akasema. "Haujavimba hata kidogo! Shemeji, acha kutetemeka. Huyu ameumwa kavu."

Kwetu jimboni Sonora, kuumwa kavu ni sifa. Wanasema nyoka amekung'ata, kisha akaogopa kukumwagia sumu kwa sababu amekutana na dume. Aliyeumwa kavu hutolewa kiti kivulini, huletewa bakanora, ile pombe kali ya mkonge wetu, na kila anayepita lazima agonge naye gilasi. Kama nyoka naye anaiona hivyo, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Twende tu akaangaliwe," nikasema.

"Aangaliwe nini, shemeji? Vidole vyake? Vitano, nimevihesabu." Wenzake wakacheka. "Mletee mumeo nyama kavu na mayai, anywe vizuri."

Na Hilario wangu, Mungu amrehemu, naye alicheka. Alikuwa mwanamume mwenye akili mpaka kaka yake aingie mlangoni.

Mguu ule haukuvimba mpaka mwisho. Kilichoanza ni kope. Zilishuka, akawa ananitazama kwa kuinua uso juu kama mtu aliyevaa kofia kubwa kupita kiasi. Nabor akasema amelewa, tangu ndugu yake aoe, hajui tena kunywa. Wakacheka tena. Kisha maneno yakawa mazito mdomoni. Kisha gilasi ikamponyoka. Aliposema kifua kimekataa kuvuta pumzi, hapo ndipo mashujaa walipokumbuka kwamba gari lina ufunguo.

Zahanati walimpa dawa yote ya sumu ya nyoka waliyokuwa nayo. Muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa ile ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa milimani, wale wakubwa, na kwamba kwa huyu wa uwandani yeye haiamini, hata kama tungewahi. Akatuambia tukimbie mjini. Hilario alikufa njiani kwenda Hermosillo, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Nabor alikuwa ameshika usukani, ananuka bakanora, anasema labda ni moyo.

Alisema moyo siku ya mazishi. Alisema moyo kila jioni ya rozari. Kufikia rozari ya mwisho kijiji kizima kilikuwa kikisema moyo, na watu walinishika mkono wakinieleza jinsi moyo unavyoweza kumchukua mtu ghafla.

Ilimpasa aseme hivyo. Nabor hukausha nyoka, husaga nyama yao, huchanganya na chumvi na pilipili, na kuuza unga ule kando ya barabara kuu. Unatibu chunusi, figo, saratani na uvivu wa mume kitandani. Yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, amekula nyoka wengi hata sumu haimwingii. Kofia yake imeshonewa njuga pande zote, akitembea unamsikia kabla hujamwona, jambo ambalo angalau linakupa nafasi ya kuondoka. Mtu kama huyo hawezi kuwa na mdogo wake aliyeuawa na nyoka mwembamba kama mpini wa jembe.

Miezi ilipita. Halafu akaja Daktari Ifigenia Búrquez, mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi, kutoka maabara moja inayofuga farasi kwa ajili ya kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Habari za Hilario alizipata kwa muuguzi. Nabor, aliye mwenyekiti wa jumuiya inayomiliki ardhi ya kijiji, aliitisha mkutano chini ya paa la mabati la shule. Nami nilikwenda, kwa kuwa kiti cha mume wangu katika jumuiya sasa ni changu.

"Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kupigana nayo," daktari alisema. "Dawa hutoka kwenye damu hiyo. Kwa hiyo dawa inamjua nyoka yule tu ambaye farasi amemjua. Farasi wetu hawajawahi kumjua nyoka wenu wa uwandani. Ndiyo sababu dawa yetu inawaangusha. Naomba ruhusa, na naomba nyoka hao wakiwa hai. Wadogo, wa kijani, wenye pete nyeupe pana mkiani."

"Daktari," Nabor akasema, mkono kifuani, "hapa umefika. Wewe kaa, ule, unywe. Nyoka tutakuletea sisi."

Nilitoka pale nikiwa na tumaini, jambo nililokuwa nimelisahau. Niliwaza kwamba mwingine akiumwa pale uwandani, mke wake hatarudi nyumbani na kofia ya mumewe mkononi.

Waliondoka na mapipa, bunduki ambazo hakuna aliyewaomba, na chupa. Waliporudi walipiga honi tangu darajani. Mapipa yalishushwa mbele ya shule, watu wakajaa, Nabor akafungua la kwanza kwa mbwembwe za padri anayefunua kikombe.

Daktari alichungulia. Akachungulia la pili.

"Hawa ni wa milimani," akasema.

"Wa milimani kabisa! Mwone huyo, mnene kama paja langu."

"Bwana Nabor, hawa ninao. Farasi wangu wanawajua miaka yote. Niliomba wa uwandani."

"Mtu aombe mbuzi, apewe ng'ombe, kisha alalamike?"

"Mtu akiomba ufunguo wa mlango wa nyumbani kwake, ukamletea ule mkubwa wa kanisa, atalala nje."

Wanawake walicheka. Nabor hakucheka. Ramiro, mmoja wa wale wawili waliokunywa uani kwangu, akajaribu kueleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Elewa, daktari. Wale wa uwandani ni vijinyoka. Hatuwezi kupeleka vitu kama vile mjini na jina la kijiji chetu juu yake. Watatucheka."

Nilimtazama vizuri ili nisije nikamsahau. Wanaume wazima walikuwa wamepanda milima, wamehatarisha mikono yao, wakaleta nyoka asiyetakiwa, kwa sababu yule aliyemuua rafiki yao hana umbo la kujivunia.

Daktari alisema atakwenda kuwatafuta mwenyewe. Nabor akavaa kofia yake, njuga zikalia.

"Hakuna nyoka atakayetoka tena kwenye ardhi ya jumuiya," akasema. "Kama zawadi yetu haitoshi, njia ni ile pale."

Nikaona wazi kitakachotokea. Daktari angepanda gari lake, angeondoka, na dawa ingebaki ileile. Nikasimama. Sijazoea kusema mbele za watu.

"Shamba langu la uwandani si la jumuiya," nikasema. "Nimeandikishiwa mimi. Daktari, karibu kwangu."

"Kaa chini, shemeji. Lile shamba la mdogo wangu."

"Mdogo wako alikufa kwa nini, Nabor?"

Akawageukia wenzake.

"Sema, watu wanasikia. Alikufa kwa nini?"

"Moyo," akasema.

"Basi nyoka wa shamba lile hawana hatia. Waache watembee mjini kidogo."

Mama yake Nabor, Doña Tomasa, aliyekuwa ameketi mbele na shali nyeusi, hakugeuka. Alisema tu, "Nabor, mpishe mwenzio." Naye, mwanamume ambaye sumu haimwingii, akapisha.

Tulikwenda alfajiri, wakati nyoka hutoka kuota jua. Daktari alikuwa na fimbo yenye ndoano, mimi nilishika ndoo na mfuniko. Wa kwanza alikuwa chini ya robota lililooza, palepale alipoumwa Hilario. Alijikunja, akainua mkia, akazitikisa njuga. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alikuwa mdogo, alitaka tuondoke, na alituonya waziwazi, jambo ambalo hakuna aliyenifanyia uani kwangu. Dharau yangu yote nilikuwa nimeshaigawa kwa watu. Daktari alimwinua taratibu, nami nikafungua ndoo.

Jua lilipopanda, gari la Nabor lilisimama langoni. Hakushuka.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Hao hata supu hawatoshi!"

"Huyo ni nani?" daktari akauliza.

"Anauza unga," nikasema, na tukaendelea.

Farasi wameanza kudungwa sumu ya uwandani. Daktari anasema dawa haitafika zahanati kabla ya mvua za mwaka ujao. Mpaka hapo, anayeumwa huku hupelekwa Hermosillo, na ni mwendo wa saa tatu.