Akilia, Mpe

Muuza ndege alimpa mshonaji maelekezo ya maneno mawili tu: "Akilia, mpe." Akawatia makinda wawili wa kasuku kwenye boksi la viatu, hawana hata unyoya, akaongeza bomba la sindano lisilo na sindano, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Kinda wa kasuku hulia akiwa na njaa, hulia akihisi baridi, hulia kwa kuwa tu amekuona. Mshonaji hakulijua hilo. Kila waliposikika aliacha cherehani, akakoroga uji, akawapa. Siku ya nne yule mdogo alikuwa amevimba gole, kile kifuko cha chakula cha shingoni. Uji wa juzi ulikuwa umechachia humo humo, na mshonaji bado anamwongezea. Kinda alikufa mchana kweupe, mdomo wazi, akiomba.

Mshonaji alimfunga kwenye kipande cha kitambaa, akaenda naye dukani. Alitaka kuelezwa tu alipokosea. Duka lilijaa watu. Muuza ndege alifunua kitambaa kwa ncha ya kidole, akawatazama wateja wake.

"Wengine kulea hawakujaliwa," alisema. "Hata kwa ndege."

Watu wakacheka. Mshonaji hakuwa na mtoto, na mtaa mzima ulijua. Alirudi nyumbani na kazi mbili: kumkuza aliyebaki, na kumrudishia mtu yule aibu ile ile mbele ya macho ya watu.

Wifi yake alikuwa daktari wa mifugo.

"Unamlisha kwa masikio, wifi. Mlishe kwa vidole. Papasa gole: likiwa limelegea kama soksi, mpe. Likiwa na kitu, mwache alie mpaka achoke mwenyewe."

"Na uji?"

"Uwe vuguvugu. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa huruma. Bomba liingie upande wake wa kushoto, lielekee kulia. Ukikosea unammiminia mapafuni."

"Yule bwana anayajua haya?"

"Anajua kwamba akikufia utarudi kununua mwingine. Yanamtosha hayo."

Maneno hayo mshonaji aliyaweka rohoni, akayalea pamoja na ndege. Kinda akaota manyoya, akajifunza kumenya karanga. Ndipo Jumamosi moja mshonaji akabeba kigoda, akakaa mbele ya duka, kasuku begani.

"Usinunue anayelishwa," alimwambia kila aliyekaribia mlango. "Nunua anayejilisha."

Jumamosi ya tatu muuza ndege alitoka mwenyewe, akitabasamu kwa meno tu.

"Dada yangu, tuyamalize kistaarabu. Chukua kinda mwingine, bure."

"Mlishe kwanza. Hapa hapa. Tukuone unavyolea."

Wapita njia walishaanza kusimama. Kurudi ndani ilikuwa aibu, basi akaleta kinda na bakuli la uji, akavuta bomba mpaka likajaa. Kinda alikuwa analia. Mshonaji, akiwa pale pale kwenye kigoda, aliliona gole: limekaza, linang'aa kama kibofu. Bomba moja tu, na ndege atapaliwa afie mikononi mwa bwana huyu, watu wakitazama. Ndicho alichokiomba kwa miezi miwili. Ilitosha anyamaze tu.

Bomba likaingia kwa upande usio wake. Mshonaji akasimama, akamdaka kifundo cha mkono.

"Ameshiba," alisema. "Papasa gole uone."

Muuza ndege akapapasa tumbo. Akapapasa mgongo. Akamgeuza ndege, akamtazama chini ya mbawa, jasho likimtoka.

"Mzee, hujui lilipo?" aliuliza mwanamke mmoja, ambaye tayari alikuwa ameshika boksi lake la makinda. "Na mimi uliniambia akilia nimpe." Akaliweka boksi mlangoni. "Rudisha pesa yangu."

Mwingine akasema wake walikufa wote watatu. Mwingine wake wawili.

Mshonaji hakusubiri jibu. Alimchukua yule kinda mkononi mwa bwana, akamfutia uji mdomoni kwa kidole, akamtia kifuani apate joto. Hasira haikuwa imepungua hata chembe. Alikaa tena kwenye kigoda, maana ilikuwa bado asubuhi, na mteja mwingine alikuwa anavuka barabara.