Dekio Lililosukwa

Bombani nilisikia kwamba mtu akipasuliwa kifundo cha mkono, vidole hujikunja kama miguu ya kuku na havikunjuki tena. Aliyesema ni jirani yetu Redio, tunamwita hivyo kwa kuwa hazimiki. Nilimcheka, lakini maneno yakaniganda kichwani. Binti yangu ni msusi, na vidole vyake ndivyo vinavyotulisha.

Aliteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, hospitali wakampasua na kumtia chuma. Plasta ilipotolewa hakuweza kufunga hata kifungo. Kijiko kilimponyoka, mchuzi ukamwagikia mapajani, akacheka, kisha akaenda chumbani kulia akidhani sisikii. Dada wa mazoezi pale hospitali alimwambia akunje vidole na kuvikunjua, akamue sifongo ndani ya maji ya uvuguvugu, asivute kitu wala kunyanyua kitu mpaka amruhusu.

Asubuhi moja nachukua dekio nipige deki, nakuta nyuzi zake zote zimesukwa, vimikia vyembamba, vimenyooka. Nikalishika kama mtoto mchanga. Nilideki nalo hivyo hivyo, nikalianika uani.

Redio akaliona. Kabla ya mchana mtaa mzima unajua mkono umepona, na mteja wa siku zote wa binti yangu, mwalimu wa chekechea, yuko mlangoni na nywele keshazifumua.

Nilimkumbusha mwanangu kwamba dada wa mazoezi hajaruhusu.

"Mama, dekio lote nimelimaliza," akasema. "Hiki ni kichwa kimoja tu."

Nami nilitamani iwe kweli, nikamwekea mwalimu kigoda.

Lakini dekio ukilivuta linakufuata. Kichwa cha mtu kinakataa, na mwenyewe anataka kubanwa.

"Kaza, shoga, hizi zitafumuka kesho," mwalimu akawa anasema.

Mwanangu akakaza, nywele amezizungushia kidole, kifundo kimepinda. Jasho likamtoka puani. Kufika nusu ya kichwa, mkono ukashuka wenyewe, umeumuka kama andazi. Mwalimu alirudi kwake kajifunga kitambaa.

Dada wa mazoezi hakumgombeza. Alimminya vidole kimoja kimoja akiuliza kipi kina ganzi. Viwili. Alisema chuma hakijahama ila nyama zimeumia upya, basi turudi kwenye sifongo, kusuka kutakuja baadaye.

"Baadaye ipi?" mwanangu akauliza.

Dada akasema hajui.

Sasa vifungo anafunga, isipokuwa cha juu. Vile vidole viwili bado vina ganzi. Wewe uliye na mgonjwa kama wangu, epuka haya:

Kuvuta, kukamua nguo, kubeba ndoo kabla hajaruhusiwa.

Kumlisha na kumvalisha kila kitu, vidole vitakakamaa.

Kupima mkono kwa kazi laini, kisha kuupa kazi ngumu.

Kupokea mteja kwa kuona haya.

Kuanika uani kitu kitakachosemwa bombani.

Kumuuliza kila asubuhi kama vidole vimeamka. Vikiamka atasema mwenyewe.