Mke Mwenza Aliyekuja kwa Pikipiki

Kompyuta ya mwalimu Bulaimu ilikuwa inakufa, na mkewe Aïcha alikuwa anafurahi. Hakufurahi hadharani, maana hata adui akiugua hupelekewa uji. Asubuhi alimpa mumewe pole, jioni alipangusa vumbi kwenye kile kioo chenye mgongo mkubwa, na moyoni alikuwa ameshapanga chakula cha matanga.

Msimlaumu haraka. Bulaimu aliongoza shule hapa Kasongo miaka mingi, na alipostaafu Aïcha alidhani sasa amempata mume. Wapi! Kila jioni, akirudi kutoka msikitini, mzee aliketi mbele ya kisanduku chake, akisema anaandika historia ya ukoo wake wa Lusangi. Aïcha alipompitia nyuma na chai aliona karata zimepangwa kwenye kioo, nyeusi juu ya nyekundu. Batri ya sola ilikuwa moja tu. Mashine ikiwaka, taa ya jikoni ilififia ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, na Aïcha alikula sombe yake ya majani ya muhogo gizani, peke yake. Watoto wote walikuwa wameondoka. Mwanamume aliyebaki nyumbani alikuwa ameolewa na kisanduku, na Aïcha alikuwa mpweke. Ndiyo kweli yenyewe, hakuna haja ya kuipamba.

Kitu kimoja tu aliwahi kukiomba kwa kile kisanduku: filamu ya arusi ya Faridah, binti yao wa kwanza, iliyokuwa kwenye flashi ndogo aliyoihifadhi kwenye pindo la kitenge. Kila ilipochomekwa, mashine ilinguruma, ikafikiri, ikazimika. Bulaimu hakusikitika hata kidogo. Aïcha alikuwa akiapa mbele ya watu kwamba siku ile baba wa bibi-arusi alilia mpaka kanzu ikalowa. Bulaimu naye aliapa kwamba ulikuwa moshi wa masufuria.

Basi siku moja kisanduku kikagoma kabisa. Bulaimu alikipiga kofi, akakipuliza, akakibembeleza kwa Kibangubangu, lugha ya mama yake. Kimya. Aïcha alienda nyuma ya nyumba akacheka peke yake, kisha akarudi na uso wa msiba. Usiku huo walikula pamoja, na taa iliwaka vizuri. Akalala akijiona mshindi.

Kumbe mwenzake alikuwa ameshapiga simu Salamabila. Huko kwenye machimbo ya dhahabu alikaa mpwa wake Fabrice, mchuuzi asiyekosa kitu, naye alikuwa amepata kompyuta ya kukunja, iliyotumika kidogo tu huko Ulaya. Tangu hapo mzee hakutulia. Alimwagiza seremala meza mpya. Mvua ikinyesha alishika kichwa akifikiria matope ya njiani. Alimpigia Fabrice simu mpaka mtoto wa watu akazima yake. Mwalimu mzima, mvi kichwani, alisimama barabarani kila pikipiki iliponguruma. Aïcha alimtazama, na furaha yake yote ikageuka uchungu.

Fabrice alifika alasiri, mwekundu kwa vumbi na matope. Ili wezi wa njiani wasijue anabeba nini, alikuwa ameifunga kompyuta ndani ya kitenge kipya na kuibeba mgongoni.

"Mujomba, huyu hapa," alisema. "Nimemubeba sawa mutoto, hakulia hata kidogo."

Bulaimu alipokea kile kifurushi cha maua ya manjano kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda kichwani, na furaha ikipanda kichwani ulimi hukosa mlinzi.

"Mama Faridah!" aliita. "Kuya upokee mwenzako! Leo nimeoa bibi wa pili!"

Fabrice alicheka. Lakini barazani alikuwepo pia mzee Tambwe, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye hajawahi kuacha neno lianguke chini bila kuliokota.

Aïcha alitoka jikoni akifuta mikono. Aliutazama ule mzigo, akamtazama mumewe, na hapo wazo likamjia lote kwa mara moja. Akapiga kigelegele kirefu mpaka majirani wakachungulia juu ya ua.

"Karibu, ndugu yangu," aliiambia kompyuta, akiinama kwa heshima. "Karibu kwako." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Faridah, ninaona mwenzangu amekuja na kikwembe kipya. Changu kiko wapi?"

Bulaimu akacheka. Tambwe hakucheka.

"Mwalimu, umesema mbele ya batu," Tambwe alisema. "Banawake babili, haki ni moja. Kile unamupa huyu, unamupa na yule."

"Lakini mimi nilikuwa nacheza!"

"Ndoa haina muchezo."

Fabrice alilazimika kushika pikipiki asianguke kwa kicheko. Mdomo uliponza kichwa: kesho yake Bulaimu alikuwa sokoni akichagua kitenge cha maua ya manjano.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Kompyuta ilikuja na mfuko wake mweusi wenye zipu. Aïcha akapata mkoba. Seremala alileta meza. Akarudishwa kutengeneza nyingine, ya jikoni. Na Bulaimu aliposema kile kisanduku cha zamani kiwekwe nje na kuku, Aïcha alikaa juu ya kigoda na kukunja uso.

"Unamufukuza juu ya kuzeeka? Sawa. Acha na mimi nifunge mizigo yangu."

Kisanduku kikabaki pembeni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na heshima yake yote.

Mzee hakuwa na nguvu za kubishana, maana roho yake ilikuwa mkononi. Fabrice alikuwa amefungua kisanduku na kutoa moyo wake ili ahamishe historia ya ukoo. Bulaimu alisimama juu yake na tasbihi, kijasho kikimtoka, akiuliza kila mara, "Iko? Iko?" Ilikuwepo: kurasa chache, mojawapo ikiwa na kichwa cha habari tu. Karata hazikuwemo. Na juu ya hayo, mashine mpya ilizungumza lugha ya baridi ya huko Ulaya, ambayo hakuna aliyeijua pale mtaani.

"Bibi-arusi hasemi siku za kwanza," Aïcha alimliwaza. "Anaona haya."

Kisha akatoa lile alilolitaka tangu mwanzo.

"Baba Faridah, umetupa vikwembe sawa, aksanti sana. Imebaki zamu. Magharibi moja kwake, magharibi moja kwangu. Na batri inafuata bwana."

Bulaimu alitaka kupinga, akamwona Tambwe anakuja kunywa chai, akafunga mdomo.

Jioni ya kwanza ya Aïcha, mzee alikaa kwenye mkeka jikoni kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Alisifu chumvi ya mboga. Alikohoa. Aïcha alimpa mahindi ayapukuchue ili mikono isimsumbue, na mikono ilipopata kazi, mdomo ukafunguka. Akamsimulia jinsi mkaguzi wa shule alivyowahi kutumbukia kwenye shimo la matofali akiwa na tai. Aïcha alikuwa ameisahau hadithi ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, na akaona alivyokuwa amemkosa mtu huyu, aliyekuwa akikaa nyumba hiihii.

Jioni iliyofuata ilikuwa ya mke mdogo. Bulaimu alienda kusali isha na kurudi haraka, viatu mkononi, kwa hamu. Fabrice, kabla ya kurudi Salamabila, alikuwa ameibadilisha mashine ikasema Kifaransa. Ila alikuwa amefanya na jambo lingine, kwa siri, na mjomba hakuambiwa.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Aïcha alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kompyuta aliyoishusha mezani, amevaa kitenge chake kipya, na ile flashi ndogo imechomekwa ubavuni.

"Mama Faridah! Leo iko zamu yake!"

"Iko zamu yake, ndiyo maana nimekuja kumusalimia. Banawake banazungumza. Fabrice alinifundisha lugha yake."

Kila mume wa wawili huogopa kitu kimoja: siku wake zake watakapopatana. Bulaimu alisogea. Kwenye kioo ngoma zilikuwa zinalia, Faridah ameinamisha kichwa ndani ya ushungi, Aïcha mwenyewe anacheza, mwembamba kuliko leo. Kisha kamera ikageuka, ikamkuta mwanamume mwenye kanzu nyeupe, amesimama peke yake chini ya turubai, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Masufuria hayakuonekana. Moshi haukuonekana.

"Funga hiyo mashini," Bulaimu alisema.

"Mwenzangu ni mugeni," Aïcha alijibu. "Hajajua kusema uongo."

Mzee alienda jikoni, akaleta mkeka, akaketi kando ya mkewe, bega kwa bega. Faridah alikuwa sasa anaagana na baba yake, na yule mwenye kanzu alimshika mikono akashindwa kuiachia. Aïcha aligeuka polepole kumtazama yule aliyekuwa mkekani. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Moshi," alisema Bulaimu.

Jikoni moto ulikuwa umezimwa zamani. Aïcha hakubishana. Alimpa ncha ya kitenge chake kipya ajifute macho.