Lijamu la Lori

Farasi yule walimwita Lori, na aliyemwona akishuka mteremko hakuhitaji kuelezwa sababu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, kifua kipana kama mlango wa ghala, na kila alipomaliza kuruka kiunzi aliinamisha kichwa, akavuta hatamu na kuondoka shoti kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Kuruka aliruka vizuri ajabu. Shida ilikuwa baina ya kiunzi kimoja na kingine.

Mpandaji wake alikuwa mama wa watoto wawili ambaye siku za kazi alitengeneza meno bandia katika maabara ndogo juu ya duka la miwani. Pale zizini walimwita Fundi Meno. Farasi mwenyewe alikuwa mali ya shangazi yake, aliyeshindana kwa miaka mingi mpaka nyonga ikamgomea. Sasa alifundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bakora mapajani, na sauti yake ikifika kila pembe ya uwanja.

Walikuwa wakijiandaa kwa mbio za nyika, zile ambazo farasi hukimbia mashambani akiruka magogo, mitaro, kuta na madimbwi. Jumamosi moja katika mazoezi Lori aliruka gogo, akaipita kona aliyotakiwa kukunja, akapenya ua wa miti na kutokea kwenye maegesho ya magari. Alisimama pua kwa kioo na gari la daktari wa mifugo, ambaye alikuwa ndani anakula mkate.

"Mmekuja kunisalimia?" daktari aliuliza, akiteremsha kioo.

"Mimi sikutaka kuja," Fundi Meno alijibu huku akitoa majani kwenye nywele. "Nimeletwa."

Jioni ile shangazi alitoa sanduku la malijamu, vile vyuma vinavyokaa kinywani mwa farasi juu ya ulimi, kwenye sehemu isiyo na meno. La Lori lilikuwa nene, laini, lenye kiungo katikati kama bawaba. Watu wote waliliita lijamu la upole, kwa hoja kwamba kamba nene haiukati mkono kama nyembamba.

"Upole wako hausikii," shangazi alisema. "Tumtie kitu atakachokisikia."

Alichagua lijamu kali lenye vipini virefu pembeni na mnyororo wa kupita chini ya kidevu, ambalo ukivuta kidogo farasi husikia kama umevuta kwa nguvu. Siku ya kwanza Lori alisimama kama askari wa gwaride. Siku zilizofuata akaanza kurusha kichwa juu. Kisha wakafika kwenye ukuta wa mawe. Lori aliruka, Fundi Meno akachelewa kidogo nyuma, akajishikilia kwa hatamu ili asianguke, na kile chuma kikambana farasi akiwa bado hewani. Mgongo ukakakamaa, miguu ya nyuma ikagonga mawe. Lori akabaki wima. Fundi Meno akatua upande wa pili kwa bega, na mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, ukapata ufa.

Mumewe alimfuata hospitalini. Nyumbani, alipokuwa akimfungua kamba za viatu, ndipo alipouliza. "Mama watoto, si ungenunua baiskeli tu?"

"Baiskeli haina akili yake."

"Ndiyo sababu naitaja."

Mkono ukafungwa kitambaa shingoni. Lakini kilichomuuma zaidi ni habari aliyoletewa na shangazi: mwanafunzi wake mmoja alimpeleka Lori kwenye ule ukuta, na Lori, aliyekuwa haogopi kitu, akasimama mbali kabisa na kukataa. Fundi Meno akabaki na swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku zote walisema Lori anakimbilia kiunzi kinachofuata. Je, kama hakuwa anakimbilia kitu, bali anakimbia kitu?

Kule maabara alipewa kazi nyepesi za mkono mmoja. Siku moja akaja karani mmoja mstaafu, kwa mara ya tatu, kurudisha meno ya juu aliyotengenezewa.

"Mama, yananijaa mdomoni," alisema. "Ulimi hauna pa kukaa. Mke wangu anasema nikiyavaa nakuwa na haraka na kila kitu. Namkatiza maneno, nainuka mezani sijamaliza kula."

Fundi Meno alikuwa ameyafanya manene makusudi, akidhani ndiyo yatampumzisha fizi. Akayasaga sehemu ya kaakaa mpaka yakawa membamba kuliko alivyozoea kuthubutu. Yule bwana akayavaa, akameza mate, mabega yakashuka. Akaanza kusimulia habari za wajukuu wake, polepole, na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuondoka.

Alipotoka hatimaye, Fundi Meno alimpigia shangazi simu.

"Shikamoo shangazi. Umewahi kumtazama Lori kinywani?"

"Marahaba. Nimetazama. Ndivyo nilivyojua umri wake siku namnunua."

"Si meno. Nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya ulimi."

"Lori ana ulimi, mwanangu. Nimeuona akilamba kofia yangu. Mtulinga ndio umevunjika, au na kichwa?"

Lakini alimwita daktari. Walikutana zizini, daktari akavaa taa yake kichwani, akashika midomo ya Lori kwa utaratibu na kuchungulia. Fundi Meno akapitisha kidole kwenye lile pengo lisilo na meno, akitafuta upenyo baina ya ulimi na kaakaa. Kidole kiligoma kuingia.

"Ulimi mnene, kaakaa liko chini," daktari alisema. "Nje jumba, ndani chumba cha kupanga! Meno yake nimekuwa nikiyapiga tupa kila mwaka, ila mambo ya lijamu sikuwahi kuulizwa, na mimi sikuwahi kujiuliza."

Wakamvalisha lile lijamu nene la zamani. Fundi Meno akavuta hatamu kwa mkono wake mzima, taratibu, daktari akiangalia kwa pembeni. Kile kiungo cha katikati kikajikunja, ncha yake ikapanda juu.

"Inagusa?" shangazi aliuliza. Alikuwa ameinuka kitini bila bakora.

"Inamchoma kabisa. Kila mnapomwambia asimame, mnamtoboa dari."

Shangazi alilishika sikio la Lori akalisugua muda mrefu. "Na mimi ninge… ningekimbia," alisema.

Mfupa ulipopona ndipo kazi ya kujaribu ilipoanza, nayo haikuwa ya siku moja. Lijamu la mpira Lori alilitafuna kama muwa na kuliegemea. Lenye chuma kilichoinuka kama kilima kirefu katikati lilimfanya atikise kichwa kana kwamba ana nzi puani. Wakajaribu hatamu isiyo na chuma chochote, inayobana pua tu. Lori alifurahi mno. Masikio mbele, mdomo umelegea, akamzungusha Fundi Meno uwanja mzima mara kadhaa zaidi ya alivyoombwa, kwa furaha ileile.

"Huyu sasa yuko likizo!" shangazi alipiga kelele kutoka kitini.

Mwishowe walipata lijamu jembamba, lisilo na kiungo, lenye kilima kifupi katikati, kilichoinuka kidogo tu kuupa ulimi pa kupita chini yake. Lori alilipokea, akalichezea kidogo, akafunga mdomo. Fundi Meno alitaka iishie hapo. Shangazi akakataa.

"Nafasi umempa, sawa. Lakini ile nguvu hukumpunguzia. Kushuka mteremko kwa huruma tupu siruhusu. Una watoto."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana: kilima kilekile kifupi, ila kwenye lijamu la hatamu mbili. Ya juu ya kuzungumza naye wakati wote. Ya chini, yenye mnyororo laini wa kidevuni, ya kumkumbusha inapobidi. Shangazi alifunga hatamu hizo kwenye bakora yake, akavuta upande wa pili kama farasi, akimfundisha mpwa wake kukaza vidole na kuachia.

"Achia! Ukishasikilizwa, nyamaza. Unaendelea kugomba kwa nini?"

Siku ya mashindano asubuhi ilikuwa na umande. Gogo la kwanza, la pili, mtaro. Lori alipita kwa mwendo wa shoti ulio sawasawa. Kwenye mteremko aliongeza kasi, na Fundi Meno akasikia ule uzito wa zamani ukiingia mikononi. Akakaa wima, akakaza vidole kwenye hatamu ya chini, akaachia. Sikio moja la Lori likageuka nyuma. Akapunguza.

Kwenye ukuta wa mawe Fundi Meno alishika nywele za shingoni mwa farasi ili asimvute mdomo, na Lori akaruka kama hajawahi kukataa kitu maishani.

Kwenye dimbwi mambo yakaharibika. Maji yalimrukia machoni, hatamu zikachanganyika vidoleni, akavuta ya chini alipotaka ya juu, na Lori akapita kando ya kiunzi chembamba cha upande wa pili. Alama zikakatwa. Akamgeuza, akazipanga hatamu, wakarudi na kuruka. Walimaliza katikati ya orodha, mbali na medali.

Shangazi hakuuliza wamekuwa wa ngapi. Alichechemea mpaka kwa Lori, akalifuta povu kwenye midomo yake kwa kiganja.

"Alifungua mdomo?"

"Hata mara moja."

"Njia nzima?"

"Njia nzima, shangazi. Dimbwini nilimkosea, na bado alinivumilia."

Mumewe, aliyekuja na watoto na mwavuli, alimtazama farasi kutoka juu hadi chini. "Kumbe naye anajua kusimama," alisema. Akaomba kumshika, akimkabidhi mkewe mwavuli.

Kesho yake Fundi Meno alipitia zizini kabla ya kazi. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Alimkuta shangazi mwisho wa safu ya vibanda, tochi mdomoni, mikono yote miwili kwenye midomo ya jike jeupe ambaye miaka yote alisifiwa kwa utulivu.

"Shikamoo shangazi."

Shangazi alitoa tochi. "Marahaba. Hebu njoo uone kinywa cha huyu, mbona ni ukumbi wa harusi? Halafu tumfuate yule mweusi."