Pima Mbili na Nusu

Daftari za mjomba zilikuwa thelathini na moja, moja kwa kila mwaka, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Nilipozipanga sakafuni, chumba kizima kilinuka grisi.

"Ukizichafua utazisafisha kwa ulimi," akasema kutoka mlangoni.

"Zimeshachafuka, mjomba."

"Huo si uchafu, msomi. Huo ni ushahidi."

Alisema kweli. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mpimaji wa bandari yetu. Kila wiki, maji yakishakupwa, hupiga makasia hadi mlangoni mwa bandari na kushusha bildi, pande la risasi lililofungwa kamba yenye kitambaa chekundu kila baada ya pima moja. Pima ni mikono yake mwenyewe aliyoinyoosha, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Chini ya risasi kuna tundu analolijaza grisi, na grisi hiyo hurudi juu na chochote ilichokigusa huko chini. Mjomba huandika kina cha maji, kisha huibonyeza grisi ile pembeni mwa ukurasa. Akirudi nchi kavu huandika tarakimu kwa chaki kwenye ubao ulio langoni mwa gati, na kila mwisho wa mwezi nakala hupelekwa ofisi kuu ya bandari mjini.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya mazingira na wiki mbili mkononi. Machimbo ya kokoto yaliyoko juu ya mto yalikuwa yameomba leseni mpya ya miaka ishirini, na tume ingekuja kutusikiliza kabla ya kuamua. Hapakuwa na mtu bandarini asiyejua kuwa udongo mwekundu wa machimbo ndio unaotuzika. Ulikuwa kwenye nyavu, kwenye ngazi za gati, kwenye matamvua ya samaki. Lakini tume haisikilizi kinachojulikana. Inataka vipimo, na vipimo vilikuwa kwenye sanduku la mjomba.

Na mimi nilikuwa na langu. Miaka sita nyuma, nikiwa shule ya bweni, tishari la baba lilikwama kwenye tope mlangoni mwa bandari likiwa limejaa chumvi. Maji yalivyozidi kukupwa likainama, magunia yakahamia upande mmoja, likapinduka. Walikufa watatu, baba na mabaharia wake wawili. Wachunguzi walisoma ubao wa langoni: pima mbili na nusu. Tishari lilihitaji pima moja na robo tu. Basi, waliandika, nahodha alitoka nje ya mkondo kwa uzembe. Wajane wa wale mabaharia hawajamsalimia mama tangu hapo, na tunateka maji bomba moja.

Nilitaka kuonyesha kwamba kilichomuua baba ni udongo.

Nikaanza kuchora mstari wa kina mezani kwetu jikoni, huku mama akishona wavu. Miaka kumi na tisa ya kwanza mstari ulitulia kwenye pima nne, na madoa ya grisi yalikuwa na mchanga mweupe na vipande vya kombe vilivyometameta bado. Hiyo ndiyo bandari waliyoijenga babu zetu kwa mawe waliyobeba kichwani, wakaitumia kusafirisha magogo, kisha ngozi, kisha chumvi. Mwaka wa ishirini machimbo yakafunguliwa. Madoa yakawa na wekundu kidogo, kisha mekundu kabisa. Kina kikashuka: tatu na nusu, tatu, mbili na robo tatu, mbili na nusu. Nilijikuta nafurahi, jambo la aibu, kama daktari anayefurahia kuona ugonjwa alioutabiri.

Halafu mstari ukalala. Pima mbili na nusu, wiki baada ya wiki, miaka minane. Nikageuza kurasa haraka kutafuta doa la grisi. Halikuwapo. Kurasa zote zilikuwa safi kama shuka la mgeni.

"Umefika wapi?" mama akauliza.

"Mwaka wa ishirini na nne."

Aliuma uzi, akaukata, akasema chai imeisha. Birika lilikuwa linachemka mbele yake.

Asubuhi yake nikamwomba mjomba anipeleke mlangoni mwa bandari. Fundi injini alituona tukishuka ngazi akaacha alichokuwa anafanya.

"Msomi, hiyo shahada inajua kuogelea?"

"Inaelea. Imechapwa kwenye karatasi ngumu."

"Basi mshikilie vizuri mjomba wako. Yeye hakusoma."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alipiga makasia bila kunitazama, na nilipoinua kamba ya bildi niliona kwamba imekauka na kukakamaa, na buibui amefunga nyumba kwenye mafundo. Nikajaza grisi, nikashusha. Niliungojea uzito uzame. Risasi ikagota kabla hata kitambaa cha kwanza hakijalowa.

"Robo tatu," nikasema. "Mjomba, ni robo tatu ya pima. Siyo mbili. Hata moja haifiki."

"Nimeona."

Nikaivuta. Grisi ilikuja na tope jekundu, laini kama uji.

Aliyaweka makasia magotini. "Ilikuja barua," akasema. "Bandari yenye kina chini ya pima mbili na nusu inafutwa kwenye orodha. Hakuna shehena tena, hakuna kazi. Na wiki ile nilikuwa nimepata mbili na robo."

"Ukaandika mbili na nusu."

"Sikuandika. Niliacha mstari wazi siku tatu. Wakaja nyumbani, wapagazi, mpishi wa kantini, huyo fundi anayekutania, mama yako, mabaharia na wake zao. Hakuna aliyenitisha. Waliketi tu, mpaka mkeka ukajaa, wengine wakakaa uani. Hata chai hawakunywa. Wangekunywa chai ningepata nafasi ya kuwafukuza."

"Na baba?"

"Baba yako ndiye aliyenipa kalamu."

Mashua ilizunguka polepole. Nilitazama tope vidoleni mwangu.

"Tulijua sote namna ya kutoa," akaendelea. "Ukisoma ubao unatoa robo. Baadaye ukawa unatoa nusu, baadaye pima nzima. Hesabu ya nyumbani. Wa mjini wasome kilichoandikwa, sisi tunatoa. Manahodha wa meli kubwa wana vipimo vyao, wakaanza kutia nanga nje, matishari yetu yakawa yanakwenda kuchukua shehena huko. Kazi ikaendelea. Tukajiona wajanja."

"Nani alikuwa anawaambia watoe kiasi gani?"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Mwanzoni mimi. Nilikuwa napima kweli, nawanong'oneza. Lakini mtu anachoka, mwanangu, kupiga makasia kwenda kupima kitu ambacho hatakiandika. Mvua inanyesha, unasema wiki ijayo. Asubuhi ile baba yako alipita kwangu na kopo lake la chai. Akaniuliza, shemeji, leo natoa ngapi? Nilikuwa sijashusha bildi miezi saba. Nikamwambia toa moja, kama kawaida."

Mbili na nusu, toa moja. Baba aliamini ana pima moja na nusu chini yake.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa palepale na wavu uleule. Hakuniuliza nimeona nini.

"Wale wajane walikuwepo siku ile," akasema. "Waume zao walikaa mlangoni kwa mjomba wako."

"Sasa kwa nini hawakusalimii?"

"Kwa sababu kila tukitazamana, tunaonana." Akavuta uzi. "Ulikuja kumsafisha baba yako. Ukisema yote, utamchafua zaidi. Mimi sikukatazi. Nakuambia tu uzito wake kabla hujaubeba."

Nilifikiria kuwasilisha miaka ishirini na mitatu ya kwanza na kuziacha daftari nyingine sandukuni. Nilifikiria hivyo siku tatu nzima, na sioni fahari kulisema.

Tume ilikaa katika ghala la zamani la chumvi, kwenye viti vya kukunja. Wakili wa machimbo alikuwa kijana mpole, alitupa pole kwa joto. Kisha akafungua jalada. Alikuwa na nakala zote kutoka ofisi kuu.

"Hizi ni tarakimu za bandari yenyewe," akasema. "Miaka minane, kina hakijapungua hata kidole. Kama udongo wa mteja wangu unashuka, basi hautui hapa."

Watu wapatao mia moja walitazama viatu vyao.

Nikasimama na daftari mbili. Nikamwonyesha mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani minene, madoa meupe, kisha mekundu. Kisha nikafungua ya pili, akapitisha kidole kwenye ukurasa.

"Huku mbona safi?"

Mjomba alikuwa ameshashika kiti cha mbele ili ainuke, goti lake likimsumbua. Nikajibu kabla yake.

"Kwa sababu humo hakuna kipimo. Tarakimu hizo ni za uongo. Bandari nzima ilikubaliana ziandikwe, ili isifungwe. Baba yangu alikuwa nahodha wa tishari lililozama. Alijua. Ndiye aliyetoa kalamu."

Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga.

"Yupo anayethibitisha?" akauliza mwenyekiti.

Mjomba akamaliza kuinuka. "Mkono ulioandika ni huu."

Mama akasimama. Tukangoja. Fundi injini alikuwa anachokoa kucha kwa funguo. Ndipo upande wa ukuta akasimama mmoja wa wajane, mrefu, kanga yake ameishika kwa mikono miwili, bila kumtazama mtu. Wengine wote walibaki wamekaa. Wanne kati ya mia.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Kumbukumbu zote za bandari, hata zile za madoa, zimeondolewa kwenye ushahidi kwa kuwa mtunzaji wake amekiri udanganyifu. Machimbo yamepewa leseni. Bandari imefutwa kwenye orodha mpaka itakapopimwa upya, tarehe itatangazwa. Mjomba ameachishwa kazi. Kuhusu baba na wenzake halikuandikwa neno.

Wapagazi walianza kuondoka mmoja mmoja na magodoro yao. Fundi injini alipita kwetu kuaga, akashindwa kutania, akaondoka.

Mimi nilinunua daftari. Mjomba alisema mabega yanamuuma, nikapiga makasia mimi. Nilitaka kufunga kamba mpya, lakini mikono yangu ni mifupi, pima zangu zingeidanganya bahari, kwa hiyo tulitumia ileile yake. Robo tatu. Nikaibonyeza grisi pembeni mwa ukurasa, ikaacha doa jekundu la mviringo, nikaliacha wazi likauke juani.

Langoni mjomba alifuta ubao kwa mkono wa shati. Ilibidi asugue sana, ile mbili na nusu ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Akaandika kwa chaki. Hakuna meli iliyokuwa inangoja kusoma.

Yule mjane mrefu alikuja na ndoo yake kutoka bombani. Akasimama, akausoma ubao taratibu.

"Mmeshusha lini?" akaniuliza.

"Leo."

"Leo hii?"

"Asubuhi hii. Mimi mwenyewe."

Akasoma tena. Kisha akajitwisha ndoo na kuelekea nyumbani, kwa njia inayopita mlangoni kwa mama.