Kinyumenyume hadi Mamba

Mimi ndiye niliyeandika kanuni za Chama cha Magari ya Zamani cha Same, zote tisa, kwa mkono wangu mwenyewe, na gari sikuwa nalo. Watu waliona kichekesho kikubwa. "Danieli, katibu wa magari, leo unakwenda kwa mguu gani?" waliniuliza wakinipita sokoni. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa karani wa boma, nina mwandiko mzuri, na wale wenye magari walikuwa hawawezi kukaa mezani dakika kumi bila kugombana kuhusu oili.

Chama kilianza siku ya kuzaliwa ya Malkia, mwaka 1956. Mkuu wa wilaya alitaka gwaride, na kwa kuwa Same haikuwa na farasi wala mizinga, akaagiza magari makuukuu yote yapite mbele ya bendera. Yalikuja matatu. Mawili yalipita vizuri. La tatu lilizimika mbele ya jukwaa, likakohoa, likatoa moshi mweusi kwenye kofia nyeupe za wakubwa, na hapo ndipo watu waliposhangilia kweli. Jioni ile ile wenye magari wakasema tufanye chama, nami nikaagizwa nilete daftari.

Gari lile lililokohoa lilikuwa la Kimarekani, la mwaka 1925, na jina lake tangu siku hiyo likawa Kikohozi. Mwenyewe alikuwa Eliezeri wa Mamba, kijiji cha juu mlimani. Kwa miaka kumi na tisa alishusha kahawa na wagonjwa kutoka mlimani, akapandisha chumvi, mabati na maharusi. Utingo wake alikuwa mkewe, Eliakunda. Mwanzoni watu walisema sana, mke wa mtu kupiga hendeli na kukimbia na kigogo cha kuzuia gurudumu, mchana kweupe! Baadaye midomo ilichoka. Yeye hakuchoka.

Eliezeri alifariki kabla ya masika ya mwaka 1958. Baada ya matanga ukoo ulikaa, na mdogo wake, Anaeli, akasema gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Nyumba ya mama yao ilikuwa inavuja, bibi kizee analala na sufuria kitandani, na Anaeli ndiye aliyekuwa akiamshwa kila mvua ikinyesha. Alisema, "Gari bila dereva ni chuma tu. Afadhali chuma kimfunike mama."

"Dereva ni mimi," akasema Eliakunda.

Wazee walitazamana. Mwisho wakakata shauri hivi: siku ya safari ya chama, Kikohozi kipande kutoka Same hadi uwanja wa kanisa la Mamba. Kikifika kwa nguvu yake chenyewe, ni mali ya mjane. Kikisukumwa, ni chuma, Anaeli akiuze. Na mwamuzi awe katibu wa chama na daftari lake. Yaani mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Tuliondoka Same siku ya Jumamosi mwezi wa saba, magari matatu, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Mwenyekiti wetu, fundi Tumainieli, alitangulia, na mwenye gari la pili akamfuata. Mimi nilikaa na Eliakunda kama shahidi, daftari mapajani. Alikuwa amevaa koti la marehemu, mikono imekunjwa mara mbili. Tulipita kijiji cha Kisiwani vizuri. Nilimsalimu tena kwa woga, "Shikamoo mama," ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamsalimu.

"Marahaba, karani. Unaogopa?"

"Siogopi."

"Mimi naogopa," akasema. "Hili likiondoka, nitabaki mjane wa Eliezeri, basi. Humu ndani ndimo watu walimonijua mimi ni nani."

Nikafungua daftari na kujifanya ninaandika saa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la gari lile, la sivyo hamtaelewa. Tangi lake la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilifika kwenye injini kwa kutiririka tu, kama maji ya mfereji wa shambani. Kwenye mwinuko mkali, pua ya gari inakuwa juu kuliko tangi, petroli haifiki, injini inakufa. Kwa hiyo Eliezeri akifika chini ya kona kubwa, ile iliyo kabla ya migomba ya kwanza ya Mamba, aligeuza gari na kupanda kinyumenyume. Palikuwa na mahali pa kugeuzia, alipachimba mwenyewe. Siku ile tulipofika tukakuta masika yamepabeba. Palibaki korongo.

Eliakunda alisimamisha gari, akapatazama muda mrefu. Magari mengine yalikuwa yameshapita, yenyewe yalikuwa na pampu ya kupandisha petroli. "Tangi limejaa," akasema kwa sauti ndogo. "Labda litapanda hivi hivi."

Lilipanda hatua thelathini. Likakohoa, likafa.

Na hapo juu yetu, kwenye kona, walikuwapo watu kama arobaini na majembe. Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimetoka kutengeneza barabara iliyoharibiwa na mvua, kama wanavyotoka tangu enzi za mababu. Ukiwa Mpare na ukaona kitu kimekwama njiani, huulizi ni cha nani. Kabla sijafungua mdomo walikuwa wamekwisha weka majembe chini, wameteremka wakiimba, mabega yao nyuma ya Kikohozi, haya, moja, mbili! Nilipiga kelele, "Acheni! Acheni! Kanuni!" Wakadhani nawahimiza. Walitusukuma hatua ishirini na zaidi, wakafurahi, wakapangusa jasho, wakasubiri tuwashukuru.

Eliakunda aliinamisha kichwa kwenye usukani.

Nilishuka nikiwa na hasira ambayo hata leo naionea aibu. Niliwafokea watu wazima, nikawaita wapumbavu, nikawaambia wamemfilisi mjane kwa mikono yao. Wimbo ulikatika. Mama mmoja akashika kinywa. Na pembeni, kwenye ukingo, nikamwona Anaeli amesimama na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa ameshuka kuja kushuhudia. Hakucheka. Alitazama tu mikono ya wale watu, kisha akatazama gari.

"Basi, karani," akasema taratibu. "Si limesukumwa?"

"Limesukumwa," nikasema. Ningesema nini?

Eliakunda akainua kichwa. "Danieli, soma kanuni ya tano."

Kanuni ya tano niliiandika kwa ajili ya mwenyekiti, ambaye gari lake lilisukumwa na wanafunzi mwaka uliotangulia, akanuna wiki mbili mpaka tukamtafutia njia. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilisoma kwa sauti: "Gari lililosukumwa litarudishwa mahali liliposimama, nalo lianze tena mara moja tu. Likishindwa mara ya pili, limefutwa."

"Nirudisheni mliponitoa," Eliakunda akawaambia watu.

Wakamrudisha. Lakini kurudi pale kulisaidia nini? Kona ilikuwa ile ile na tangi lilikuwa lile lile. Bila mahali pa kugeuzia, mara ya pili ingekuwa kama ya kwanza. Hapo msimamizi wa msaragambo, mzee Eliufoo, mwenye filimbi shingoni, akanijia karibu kabisa.

"Wewe mwenye kalamu na matusi," akasema. "Kanuni yako inasema gari lisisukumwe?"

"Ndiyo, mzee. Na samahani kwa yale maneno."

"Samahani baadaye. Inasema nini kuhusu barabara?"

Nikapitia zote tisa, ukurasa wa mbele na wa nyuma. "Barabara haijatajwa."

Mzee akapuliza filimbi. Kazi ya siku ile ilikuwa mtaro wa juu, akatangaza, sasa imehamia chini. Majembe yakashuka. Mimi nikavua viatu. Halafu mzee akageuka ukingoni.

"Anaeli! Wewe wa kijiji gani?"

"Mzee, unajua."

"Najua. Jembe lako liko wapi?"

Kwenye msaragambo hakuna mtazamaji. Mtu wa kijiji akikutwa kwenye kazi amekunja mikono, analipa mbuzi, na maneno atakayoyasikia yanamuuma kuliko mbuzi. Anaeli alitazama majembe yakishuka. Kisha akavua shati lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akapokea jembe la mama yule aliyeshika kinywa. Akaingia kwenye korongo kuchimba mahali ambapo shemeji yake angegeuzia gari na kumshinda. Vijana walianza kumtania, "Chimba, chimba, mwenye chuma!" Mzee Eliufoo akawanyamazisha kwa jicho moja.

Tulichimba kama saa mbili. Udongo ukatolewa, mawe yakapangwa ukingoni. Anaeli alichimba kwa nguvu, bila kusema na mtu, mpaka jembe lake likagonga jiwe, kisha la pili kando yake, na la tatu. Alipiga magoti akayafuta matope kwa kiganja. Ulikuwa mstari wa mawe, umelala sawasawa chini ya tope lote lile.

"Haya tuliyapanga mimi na kaka," akasema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Mwaka ule wa njaa. Nilikuwa namwambia yamepinda."

Hayakupinda. Alikaa pale, mkono juu ya jiwe, muda wa kutosha watu kuacha kuchimba. Halafu akasimama, akaendelea, na sisi tukaendelea.

Pakapatikana nafasi. Eliakunda aliliachia gari lishuke lenyewe hadi pale, akapiga hendeli mwenyewe, injini ikaitika, akaligeuza kwa shida, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka makalio ya Kikohozi yakatazama Mamba na pua ikatazama nyika kule chini. Akaweka mguu kwenye pedali ya kurudi nyuma, halafu hakuondoka.

"Mama, nini tena?" nikauliza.

"Utingo," akasema. "Sioni nyuma. Eliezeri hakuwa akitazama nyuma, alikuwa ananitazama mimi. Mimi nakwenda mbele ya gari, upande wa bondeni, naona njia yote, namwonyesha kwa mkono, na kigogo tayari. Mlima mzima tulikuwa tunatazamana."

Nilisema nitakwenda mimi. Akatikisa kichwa, mwamuzi hasaidii gari, ni kanuni yangu pia, ya saba. Watu wakaanza kusukumiana kazi. Kusimama bondeni mbele ya gari lenye breki za mwaka 1925 si jambo la mzaha, likiachia linakupitia. Kila mtu akakumbuka kwamba ana watoto.

Anaeli akaja, matope hadi kiunoni, akainama akachukua kigogo kutoka nyuma ya kiti. Akasimama mbele ya pua ya gari. Sijui kama mnajua jinsi ndugu wawili wanavyoweza kutofanana siku zote na kufanana siku moja. Alipoinua mkono wa kulia, kiganja wazi, vidole viwili vimekunjwa kidogo kama kaka yake alivyokuwa akiwasalimu watu njiani, Eliakunda alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Njoo, shemeji," Anaeli akasema. "Njoo taratibu. Nakuona."

Kikohozi kikapanda. Mimi nilikuwa kando ya Eliakunda, kwa hiyo niliona vyote viwili, uso wake na uso wa yule aliyetufuata kutoka bondeni. Alilia mlima mzima wala hakujipangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Anaeli alionyesha kushoto, akaonyesha kulia. Mara moja injini ilisita, gari likaanza kushuka, na kabla sijapiga yowe kigogo kilikuwa chini ya gurudumu na Anaeli amelala kifudifudi kando yake. Akaamka. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Njoo," akasema tena. Nyuma yake walikuja watu arobaini na majembe begani, na hakuna aliyegusa gari hata kwa kidole. Walikuwa wameelewa kanuni kuliko chama chenyewe.

Tuliingia uwanja wa kanisa makalio mbele. Mwenyekiti Tumainieli, aliyefika zamani na kushiba makande, aliangusha bakuli. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye benchi, na bibi kizee, mama yao Anaeli, amekaa katikati na shuka lake.

Mzee wa ukoo hakunitazama mimi wala daftari langu. Alimtazama mdai. "Anaeli. Gari limepanda lenyewe?"

Nikafungua daftari haraka. Nilitaka kueleza kanuni ya tano, hatua ishirini, kurudishwa, kila kitu, maana mdomo wa mtu mmoja ungeweza kuharibu yote.

"Funga hilo daftari, karani," Anaeli akasema. Alikuwa bado na kigogo mkononi, kifua wazi, shati lake jeupe limebaki kule kwenye jiwe. "Limepanda. Nilikuwa mbele yake hatua kwa hatua. Dereva ni huyu."

Bibi kizee akauliza kwa sauti, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, "Na bati?"

Eliakunda akashuka kwenye gari, akamwendea, akapiga goti na kumshika mikono. "Mama, msimu huu kahawa yetu itashuka nalo, na mabati yako yatapanda nalo. Safari ya kwanza." Halafu akageuka kwa Anaeli, macho bado mekundu, akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Jumatatu alfajiri uwe hapa, shemeji," akasema. "Na usivae nguo nyeupe."